Kwa mnaoanza kazi kwenye mgongo wa Kongo na Naili

Nawaandikia mnaokuja kwa mara ya kwanza, kikazi au kimasomo, kwenye mgongo wa milima unaotenganisha maji ya Kongo na maji ya Naili. Wengine mmetumwa na chuo, wengine mmeajiriwa na miradi ya udongo, maji, chai au misitu. Vyovyote iwavyo, siku ya kwanza mtaonyeshwa ramani yenye mstari unaoikata Rwanda na Burundi kutoka kaskazini hadi kusini, na mtaambiwa kwamba mvua inayonyesha mashariki ya mstari huo huishia Bahari ya Mediterania, na inayonyesha magharibi yake huishia Atlantiki. Ni kweli tupu. Lakini anayeondoka na hilo peke yake atadhani kwamba mstari unafuata vilele, kwamba pande zote mbili zinafanana, na kwamba milima ikiisha na mgawanyo umeisha. Mambo hayo matatu yote si kweli, na kila moja litakugharimu kazini.

Nimefanya kazi ya maji pande zote mbili za mgongo huu kwa miaka mingi. Ningeulizwa jambo moja tu la kumwachia mgeni, ningesema: fuata maji kutoka chini kwenda juu. Anza kwenye daraja, panda na kijito hadi kinapokwisha, ndipo uinue macho kutazama kilele.

Tuanze na umbo lenyewe. Huu ni ukingo wa Bonde la Ufa la Magharibi. Ardhi ilipovutwa pande mbili, katikati ilididimia na kingo zikainuka. Sehemu iliyodidimia ndimo yalimo Ziwa Kivu, Mto Ruzizi na Ziwa Tanganyika; ukingo wa mashariki ulioinuka ndio mgongo wetu. Unaanzia karibu na volkeno za Virunga, unapita juu ya wilaya za Rutsiro na Karongi, unaingia msitu wa Nyungwe, unavuka mpaka na kuwa msitu wa Kibira huko Burundi, kisha unaendelea kusini kuelekea Bururi. Sehemu kubwa iko kati ya mita 2,000 na karibu mita 3,000 juu ya usawa wa bahari. Mlima Bigugu, ulio mrefu kuliko yote ndani ya Nyungwe, unafika kama mita 2,950. Mwamba wake ni wa kale sana, wa zamani kuliko ufa wenyewe: shisti (mwamba wa matabaka membamba), matale (granaiti) na kwatzaiti. Kwatzaiti ni ngumu na huliwa na mvua polepole, kwa hiyo mara nyingi ukiona kilele chembamba kilichosimama juu ya vingine, gonga jiwe lake, utalikuta ni hilo. Shisti ikioza hutoa udongo mwekundu mzito wenye mfinyanzi mwingi. Huo ndio unaoteleza.

Sasa mteremko. Simama mahali popote juu ya Rutsiro siku isiyo na ukungu. Ziwa Kivu liko chini yako upande wa machweo, kwenye mwinuko wa mita 1,460. Wewe uko juu yake kwa mita elfu moja na zaidi, na bado unaliona kana kwamba ungelifikia kabla ya chakula cha mchana. Geuka mashariki: vilima vinafuatana, vinashuka kidogokidogo, na upeo wa macho unakwisha kabla ya kuona bonde lenyewe. Maji yanayokwenda Kivu yanashuka mita hizo elfu moja kwa safari fupi mno. Maji yanayokwenda Nyabarongo yanashuka taratibu kwa safari ndefu. Karibu kila tofauti mtakayoikuta kati ya pande hizi mbili, ya mafuriko, ya tope, ya mitambo ya umeme na hata ya mahali watu walipojenga, inatokana na hapo.

Chukua Sebeya. Ni mto mdogo ukiulinganisha na mito inayojulikana. Huanzia milimani na kuingia Kivu huko Rubavu. Siku ya kawaida watoto wanauvuka. Usiku wa kuamkia tarehe 3 Mei 2023 mvua ilinyesha kwenye mgongo wote wa kaskazini-magharibi mwa Rwanda, na kabla ya asubuhi watu zaidi ya 130 walikuwa wamefariki kwa mafuriko na maporomoko ya ardhi, Rutsiro, Karongi, Rubavu, Ngororero na Nyabihu zikiwa kati ya wilaya zilizoumia sana. Mji mdogo wa Mahoko, ulio kando ya Sebeya, ulifunikwa na maji na tope. Tarehe 4 Mei, ng'ambo ya ziwa huko Kalehe, Kongo, ambako ukingo wa pili wa ufa nao unashukia Kivu kwa mteremko mkali, watu zaidi ya 400 walikufa. Ni kingo mbili za ufa mmoja, mteremko wa namna moja, na wiki moja.

Nawaomba mlikumbuke hilo kila mnapoandika kwenye ripoti maneno kama "mteremko zaidi ya asilimia 60". Juu ya mteremko huo kuna nyumba. Kwenye mito ya magharibi muda kati ya mvua kubwa na kilele cha mafuriko unahesabiwa kwa saa chache, na sehemu nyingine haufiki hata hapo. Kwa hiyo kipimo cha mvua kilicho juu mgongoni kina thamani kubwa kuliko kipimo cha maji kilicho mdomoni mwa mto, kwa sababu cha chini hukuambia jambo lililokwisha kutokea. Mkipewa fedha za kituo kimoja tu, kiwekeni juu, na mhakikishe yuko mtu wa karibu anayeweza kukisoma usiku na mwenye simu yenye chaji.

Upande wa mashariki una hadithi nyingine, na hapa nataka tukae kidogo kwa sababu ndipo jiografia ya mgongo huu inapopendeza. Mto Rukarara unatoka Nyungwe. Richard Kandt, Mjerumani, aliufuata mwaka 1898 na kuutaja kuwa chanzo cha Naili. Mwaka 2006 msafara uliopanda Naili kutoka baharini nao uliishia humohumo msituni. Rukarara unaingia Mwogo, Mwogo unakutana na Mbirurume, na hapo jina linakuwa Nyabarongo. Mtu mwenye ramani ya haraka angetarajia Nyabarongo uelekee mashariki moja kwa moja, uuache mgongo. Haufanyi hivyo. Unakwenda kaskazini, sambamba na mgongo uleule uliouzaa, ukikusanya vijito vyake kimoja kimoja, hadi unapokutana na Mukungwa unaoteremka kutoka maziwa ya Burera na Ruhondo. Hapo ndipo unapogeuka, unazunguka na kushuka kusini-mashariki ukipita jirani na Kigali, unapokea Akanyaru, unafika eneo la Ziwa Rweru na kuwa Akagera. Akagera unakutana na Ruvubu kutoka Burundi karibu na maporomoko ya Rusumo, unafuata mpaka wa Tanzania na Rwanda kuelekea kaskazini, kisha unapinda mashariki kuingia Ziwa Victoria. Tone lililoanguka mwendo mfupi tu kutoka Kivu limekwishafanya duara kubwa ndani ya Afrika Mashariki kabla hata halijaanza safari ya Misri.

Mtaulizwa, na mtauliza wenyewe, chanzo cha kweli cha Naili ni kipi. Rwanda watakuonyesha Rukarara. Burundi watakupeleka Rutovu, kwenye piramidi ndogo ya mawe iliyojengwa miaka ya 1930 baada ya Mjerumani mwingine, Burkhart Waldecker, kukifuata kijito cha huko hadi mwisho. Msipoteze jioni nzima kubishana. Rutovu ni chanzo cha kusini kabisa. Rukarara hutajwa kuwa cha mbali kabisa ukifuata mkondo. Ni maswali mawili yenye majibu mawili. Cha kujifunza ni kwamba kabla ya kutaja "chanzo" kwenye ripoti yako, sharti useme umepima nini: urefu wa mkondo, latitudo, au wingi wa maji.

Nyabarongo una rangi. Nenda darajani wakati wa masika, chota maji kwenye chupa ya plastiki inayopitisha mwanga, iweke juu ya jiwe. Yatakuwa ya kahawia kama chai ya maziwa. Subiri. Baada ya muda utaona utando wa udongo umekaa chini, na juu yake maji bado hayajatakata, kwa sababu mfinyanzi mwembamba huelea kwa muda mrefu. Sasa fanya hivyohivyo kwenye kijito kinachotoka ndani ya Nyungwe msimu uleule: maji ni meupe, pengine yana rangi hafifu ya majani yaliyooza, na chini hakuna kitu cha kupima. Mgongo ni ule, msimu ni ule, na mwamba unafanana. Kilichobadilika ni kilichoota juu ya ardhi. Mwanafunzi aliyefanya jaribio hilo kwa mikono yake hahitaji kushawishiwa juu ya msitu.

Na msitu wenyewe una historia ya kuumiza. Gishwati, ulioko kaskazini mwa mgongo, ulikuwa na hekta kama 28,000 miaka ya 1970; mwanzoni mwa miaka ya 2000 zilikuwa zimebaki kama 600. Ulikatwa kwa ajili ya malisho ya ng'ombe na mashamba, na baada ya 1994 watu waliorudi nchini wakiwa hawana pa kukaa walipewa ardhi humo. Msiende pale na ulimi wa lawama. Familia iliyolima viazi kwenye mteremko ule ilikuwa inatafuta kula. Lakini pia msiogope kusema matokeo yake, kwa sababu wenyeji wenyewe wanayasema: mito ya karibu ilijaa tope na ardhi ikaanza kuporomoka. Leo kilichobaki na kilichopandwa upya ni sehemu ya Hifadhi ya Taifa ya Gishwati-Mukura. Nyungwe, yenye kilomita za mraba kama 1,019, iliingizwa kwenye orodha ya Urithi wa Dunia wa UNESCO mwaka 2023.

Turudi kwenye mstari wenyewe, maana ndio kazi ya wengi wenu. Chukua ramani ya karatasi ya 1:50,000 na penseli mbili za rangi. Anzia chini, kwenye mto mkubwa, na upande na kila kijito hadi kinapokwisha. Vya mashariki rangi moja, vya magharibi rangi nyingine. Tazama jinsi mistari ya kontua, ile inayounganisha sehemu zenye mwinuko mmoja, inavyopinda: inapokata kijito, ncha yake huelekea juu kunakotoka maji, inapokata mgongo, ncha huelekea chini. Mstari wa mgawanyo unapita kwenye ncha hizo za pili, unakata kontua kwa pembe mraba, na hauvuki kijito hata kimoja. Ukiona umevuka kijito, futa urudi nyuma. Utagundua jambo ambalo wengi hawalitarajii: mara nyingi mstari unakiacha kilele kirefu pembeni na kupita juu ya kilima cha kawaida kabisa. Kilele kinaweza kusimama chote ndani ya bonde la Naili, maji yake ya pande zote yakaishia mto mmoja. Urefu wa mlima hauamui mgawanyo. Vinavyouamua ni vichwa vya vijito.

Kompyuta itakuchorea mstari huo kwa dakika chache kutoka kwenye data za setilaiti, na sikatazi kuitumia, mimi mwenyewe naitumia. Ila ijue inapokosea. Data ya kawaida ina viraba vya mita 30, na kwenye msitu mnene setilaiti hupima karibu na vichwa vya miti badala ya ardhi. Penye kinamasi kilicho tambarare, programu haina mteremko wa kuusoma, basi inakisia. Na mgongo huu una vinamasi juu kabisa, kwenye mabonde madogo kati ya kilele na kilele. Vingine hutoa maji upande mmoja wakati wa kiangazi, na mvua ikizidi vinafurika pande zote mbili. Hilo halionekani kwenye skrini. Wanaolijua ni wanaochunga na wanaokata majani hapo, na ukiwauliza kwa heshima watakuonyesha mahali penyewe kwa kidole.

Kuna na jambo la barabara, ambalo sikulikuta kwenye kitabu chochote cha chuo. Barabara nyingi za vijijini zimepita juu ya mgongo kwa sababu ndiko kulikokauka na ndiko waliko watu. Barabara inakusanya maji. Nimesimama kwenye barabara ya udongo Rutsiro mvua ikinyesha, mtaro wa upande wa mashariki ukijaa, maji yakitembea kando ya njia kama mita mia mbili, kisha yakaingia kalavati na kutokea upande wa magharibi. Maji ambayo kwa ramani ni ya Naili yalikuwa yamepelekwa Kivu na bomba la zege. Kwa bara zima ni kiasi kidogo kisichohesabika. Kwa shamba lililo chini ya lile kalavati ni korongo: lilikuwa limekwisha kuchimbika kuzidi kimo cha mtu, na mizizi ya mihogo ilikuwa inaning'inia hewani kwenye kuta zake. Kwa hiyo mnapotembea mgongoni, kila kalavati liandikwe: linapokea wapi, linamwaga wapi, na chini yake kuna nini. Nimeona makorongo mengi kwenye mgongo huu, na mengi yana kalavati au mtaro kichwani.

Kaskazini, ukifika Virunga, mambo yanageuka kabisa, na ndipo wageni wengi wanapotea. Hadi hapo mgawanyo umekuwa ukingo wa mashariki wa ufa. Kwenye volkeno unauacha ukingo huo, unakata kuvuka ufa juu ya milima ya moto, na kuendelea upande wa pili, kwenye ukingo wa magharibi, ndani ya Kongo. Sababu ni volkeno zenyewe. Zamani maji ya eneo la Kivu yalikwenda kaskazini, kwenye Ziwa Edward na Naili. Virunga ziliota katikati ya ufa, zikaziba njia. Maji yakapanda nyuma ya kizuizi hicho hadi yakapata upenyo kusini, na karibu miaka elfu kumi iliyopita yakaanza kumwagika kupitia Ruzizi kwenda Tanganyika. Ziwa zima likahama kutoka Naili kwenda Kongo. Ruzizi leo unashuka karibu mita 700 kwa kilomita 117 tu, na ndiyo maana una mitambo ya umeme inayozihudumia Rwanda, Burundi na Kongo kwa pamoja.

Matokeo yake ni haya: Goma na Rubavu ni za bonde la Kongo. Panda gari Goma uelekee kaskazini, na ukifika Rutshuru uko Naili, kwa sababu Mto Rutshuru unaingia Ziwa Edward, na kutoka Edward maji yanashika Semliki kwenda Ziwa Albert. Musanze, mashariki ya volkeno, ni Naili pia, kwa njia ya Mukungwa. Mlima Karisimbi, wenye mita 4,507, unamwaga pande zote mbili. Na kama unafanya kazi ya maji ya ardhini, uwe mwangalifu zaidi hapa kuliko popote, kwa kuwa lava ina nyufa na mapango: mvua inazama papo hapo, unatembea nusu siku bila kukuta kijito, kisha unakuta chemchemi kubwa mahali usipotarajia. Mstari uliochora kwa kufuata uso wa ardhi si lazima uwe ndio mstari wa maji yaliyo chini.

Kuhusu maisha ya kila siku huko juu, machache. Mvua kubwa ni Machi hadi Mei, na nyingine kuanzia Septemba au Oktoba hadi Desemba. Hata kiangazi Nyungwe hunyesha. Mgongo hupata karibu milimita 2,000 kwa mwaka, wakati mashariki mwa Rwanda kuna sehemu hazifiki 1,000. Toka alfajiri, maliza kupima kabla ya saa nane, kwa sababu mawingu hujikusanya mchana na ukungu ukishuka huoni hata kilima cha jirani. Koti la mvua, buti za mpira, daftari la penseli si kalamu ya wino. Na ukifika kijijini, kwanza kiongozi wa kijiji, kisha mto. Ukiwa Rwanda anza na Mwaramutse asubuhi au Mwiriwe jioni. Burundi Amahoro inatosha wakati wowote. Ukishaonyesha adabu hiyo, Kiswahili kitakufikisha mbali, hasa Rubavu, Rusizi, Bujumbura na kwa ndugu zetu wa Goma na Bukavu. Rwanda ilikifanya lugha rasmi mwaka 2017. Huko juu vijijini, kwa wazee na kina mama wa mashambani, tafuta kijana wa pale pale akutafsirie, na umlipe vizuri. Yeye ndiye atakayekujulisha chemchemi ipi imekauka tangu lini.

Kama una wiki moja tu ya kujizoeza, ningekushauri barabara ya Huye, Nyamagabe, Kitabi, kisha kukatiza Nyungwe hadi Gisakura na Rusizi. Ndani ya msitu, kando ya barabara, kuna kibao kinachoonyesha mgawanyo wa Kongo na Naili. Wengi wanapiga picha na kuondoka. Wewe shuka, na kama una ruhusa ya hifadhi tembea na kijito cha kwanza cha mashariki, kesho yake cha kwanza cha magharibi. Pima vyote viwili: upana, kina, kasi, joto la maji, ukubwa wa mawe yaliyo chini. Cha magharibi utakuta kina mawe makubwa na vishimo. Cha mashariki, baada ya mwendo si mrefu, kitaanza kutulia kwenye mchanga na kinamasi. Kisha shuka hadi Bugarama, kwenye mita kama 950, sehemu ya chini kuliko zote Rwanda. Asubuhi ulivaa sweta kati ya chai na ukungu, mchana uko kwenye joto na mashamba ya mpunga.

Mwisho wa kusini ndio unaosahaulika sana, hasa na sisi Watanzania. Mgongo unapungua urefu ukiikaribia nchi yetu, lakini mgawanyo haukomi. Unaingia Tanzania kimyakimya, kwenye vilima vya kawaida na miombo. Ngara maji yake ni ya Ruvubu na Kagera, yaani Naili. Kibondo ni Malagarasi, na Malagarasi unaingia Tanganyika, ambayo hutoa maji yake kwa Lukuga kwenda Kongo. Mtu anasafiri Ngara hadi Kibondo, anavuka mgawanyo wa bara zima, na hakuna mlima uliomwambia. Hapa kontua zimeachana sana, na mita chache za makosa kwenye data ya mwinuko zinaweza kukusogezea mstari kilomita kadhaa. Kama unataka kujipima ujuzi, chora mgawanyo hapa, usiuchore Nyungwe. Nyungwe mteremko unakusaidia.

Na hapa mstari una uzito wa kiofisi. Tanzania imegawa usimamizi wa maji kwa mabonde. Mradi wa umwagiliaji ulio upande wa Kagera unaombewa kibali kwenye Bodi ya Maji Bonde la Ziwa Victoria, na ulio upande wa Malagarasi kwenye Bodi ya Maji Bonde la Ziwa Tanganyika. Ukivuka mipaka ya nchi, upande mmoja unakuta mikataba ya Naili, ukiwemo Mkataba wa Ushirikiano wa Bonde la Naili ulioanza kufanya kazi tarehe 13 Oktoba 2024, na upande wa pili unakuta Mamlaka ya Ziwa Tanganyika. Vijiji viwili vinavyoonana kwa macho vinaweza kuwa chini ya ofisi tofauti, sheria tofauti na majirani tofauti wa kushauriana nao. Nimeona maombi ya mradi yakirudishwa kwa sababu aliyeyaandaa alitazama wilaya badala ya bonde, na wakulima wakapoteza msimu mzima wakingoja.

Kwa hiyo daftari lako la nyanjani liwe na safu moja ya ziada. Kila kituo, kila chemchemi, kila kalavati na kila poromoko, usiishie kuandika kijiji na namba za jipiesi. Andika maji yanakokwenda, angalau mito mitatu au maziwa mbele yake. Kwa mfano: Rukarara, Mwogo, Nyabarongo. Au: Sebeya, Kivu, Ruzizi. Au: Mukungwa, Nyabarongo, Akagera. Pale unaposhindwa kutaja wa pili, weka alama ya kuuliza, na kesho asubuhi rudi mahali hapo na mtu wa kijiji kabla hujapima kingine chochote.